Jicho la Kashata

Kwetu Tanga mjusi hatibiwi, hupigwa kandambili. Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim tunakijua kisa: Nabii Ibrahim alipotiwa motoni, mjusi kafiri alikuwa akiupuliza moto uzidi kuwaka. Basi mtoto akimwangusha mmoja ukutani alijihesabia thawabu na kwenda kutangaza. Kwa hiyo sikushangaa mama alivyojibu nilipomtumia picha ya Kashata akiwa juu ya meza ya daktari hapa Leicester, Uingereza, jicho moja limefumba. Alituma ujumbe wa sauti, na robo yake nzima ilikuwa kicheko. "Mwanangu, umekwenda Ulaya kuuguza mjusi?"

Ndiyo mama, nimeuguza mjusi. Na kwa kuwa wazazi wenzangu Waswahili wa hapa wanaendelea kuniuliza, maana watoto wao nao wameng'ang'ania kufuga, nayaandika yote hapa.

Kashata ni geko chui, bado mdogo, wa manjano mwenye mistari myeusi ambayo akikua itakatika iwe madoa. Asili yao ni nchi kavu za mawe: Pakistani, Afghanistani, kaskazini-magharibi mwa India. Ni jamaa wa mbali wa yule wa ukutani kwetu. Hana vidole vya kunata, kwa hiyo kioo hawezi kukipanda. Na ana kope, zile ngozi za kufumbia macho. Mjusi wa nyumbani hana kope hata kidogo. Jicho lake limefunikwa na ngozi angavu, likiingia vumbi analilamba kwa ulimi, kazi imekwisha. Kashata anapepesa, na akilala anafumba kabisa. Hizo kope ndizo zilizotuletea kazi, kwa sababu kitu kikishaingia nyuma yake hakitoki kirahisi.

Mnyama ni wa kijana wangu, lakini jina kwenye risiti ni langu. Hapa Uingereza mtoto wa chini ya miaka 16 hauziwi mnyama, na sheria hiyo hiyo ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamtaka mwenye mnyama amtimizie mahitaji yake, pamoja na kumkinga na maumivu na maradhi. Dada yangu anaposema "mwache afe, utanunua mwingine", mbali na roho ya mtoto, kuna sheria.

Ilianza na jicho la kushoto. Geko wadogo hujivua ngozi mara kwa mara kwa sababu wanakua haraka, na ngozi yenyewe huila, hawaachi kitu. Safari hii alijivua vizuri mwili mzima, ila pembeni mwa jicho pakabaki ukingo mweupe mwembamba. Baadaye akawa analifumba jicho hilo wakati la kulia limefunguka. Kisha pakavimba. Tongotongo kidogo, kope zimegandana. Kijana wangu akaniita nikiwa nimetoka zamu ya usiku, viatu bado mguuni: "Mama, anamkosa nyenje." Akaniwekea nyenje mmoja nione. Kashata alimnyemelea, akatikisa ncha ya mkia kama kawaida yao wanapowinda, akaruka, akauma mchanga. Nyenje yuko pembeni anajipangusa masharubu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jicho kwa hawa ni suala la tumbo. Wanawinda kwa kuona. Asiyeona hali, na mdogo hana akiba. Mafuta yao huyaweka mkiani, na mkia wa Kashata ulikuwa umeanza kusinyaa. Kwenye mizani ya jikoni alikuwa gramu 12, wakati kabla ya hapo kijana alikuwa ameandika 14 kwenye daftari lake. Gramu mbili kwetu sisi ni tonge. Kwake ni sehemu moja ya saba ya mwili.

Ushauri wa mitandaoni sitauficha kwa sababu ninyi pia mtaukuta: pakeni asali, osheni kwa chai, toeni kwa kibano, tumieni matone ya binadamu yaliyobaki kabatini. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, matone ya macho nayatia kila siku, na hilo la kabatini ndilo lililonitisha zaidi. Matone mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Jicho likiwa na kidonda, steroidi huzuia kidonda kupona na huweza kulitoboa. Na kidonda cha jicho la ukubwa ule hukioni kwa macho matupu. Kwa hiyo nilichofanya nyumbani ni kidogo tu: nikamweka kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika tumboni, nikamdondoshea maji safi ya chumvi ya dawa, ile asilimia 0.9, ngozi ilainike. Haikutoka, nikaacha. Nikapiga simu.

Sehemu ya kwanza niliyopiga hawakuwahi kumshika geko, wakaniambia nimpake mafuta ya mgando. Nikashukuru, nikatafuta kwingine. Ulizeni mapema nani anatibu reptilia, yaani jamii ya mijusi, nyoka na kobe. Wengi wanajua mbwa na paka, na si kosa lao.

Daktari tuliyempata ni dada mmoja mpole mwenye mikono midogo. Kabla ya kumgusa alituhoji sisi: joto la tanki, chakula, unga tunaonyunyizia wadudu, sakafu ni ya nini. Kisha akamtia tone la rangi, ile inayong'aa kijani chini ya mwanga wa bluu, akazima taa. Kijana wangu akaruhusiwa kuchungulia. Penye mkwaruzo rangi hushika, penye uzima huteleza. Ilishika mahali pamoja, mchubuko mdogo chini ya ukope, wa juu juu.

Kisha akaanza kulowesha. Tone, anasubiri. Tone, anasubiri. Nilitazama saa ya ukutani nikikumbuka kwamba nalipia muda. Kope zilipolegea akazisukuma kwa ncha ya pamba iliyolowa, hakuchokonoa, aliviringisha tu kuelekea nje, na kikatoka kitu cheupe kigumu kama punje ya wali, pamoja na kipete cha ngozi kuukuu. Punje nzima ilikuwa nyuma ya ukope mdogo vile! Kashata alipiga kelele. Wadogo hupiga kelele wakiogopa, mlio mkali wa kukwaruza, na mwanangu akanishika mkono jambo ambalo siku hizi halifanyi mbele za watu.

Ile punje, daktari alieleza, haikuwa usaha wa kawaida. Reptilia usaha wao haumwagiki, huganda. Na kwa geko mdogo anayekula wadudu peke yake, mara nyingi chanzo ni upungufu wa vitamini A. Vitamini hiyo ikipungua, utando laini wa jicho na tezi za machozi unakuwa mgumu, seli zinakufa na kujikusanya nyuma ya ukope, na ngozi kuukuu nayo inagoma kutoka. Unga tuliouziwa pamoja na tanki ulikuwa wa kalsiamu na vitamini D3. Mzuri kwa mifupa, A haimo. Hata kopo lenyewe linasema hivyo, kwa maandishi ya kutafutia miwani.

Sasa msikimbilie kununua vitamini A mkammiminia. Hii haitoki kwenye mkojo, inalimbikizwa kwenye ini, na ikizidi ngozi yenyewe hubanduka. Daktari alipima kwa uzito wake, akatupangia unga wa vitamini mchanganyiko na mara za kuunyunyizia kwa wiki, tofauti na kalsiamu. Sitaandika kipimo chake hapa kwa sababu kitakuwa cha Kashata, si cha wenu.

Nyumbani tukageuza tanki. Mchanga ukatoka wote, maana punje yake ikiingia chini ya ukope inakwaruza. Tukatandika tishu za jikoni. Joto lilikuwa sawa: sakafu upande wa moto nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi kama 25, na themostati, kile kidhibiti joto, inafanya kazi. Kilichokosekana ni unyevu. Watu husikia "mnyama wa jangwani" wakadhani kukauka ndiyo raha yake, kumbe kwao mchana hujificha kwenye nyufa na mashimo ambamo hewa haikauki hivyo. Na nyumba za Kiingereza majira ya baridi, radieta zikiwashwa, hata midomo yetu inapasuka. Tukachukua kopo la aiskrimu (ambalo katika nyumba ya Mswahili huwa na samaki wa kugandisha, mtu akifungua anavunjika moyo), tukalitoboa mlango, tukatia ndani kuvumwani mbichi, ile mimea laini inayoshika maji. Akaingia usiku ule ule akalala humo.

Matone tuliyopewa yalikuwa ya antibayotiki, ya kuweka frijini. Nawapa mbinu ya kazini kwangu: shika chupa kiganjani mpaka ipoteze ubaridi kwanza. Tone baridi humshtua hata mzee wa miaka tisini, sembuse huyu. Kashata nilimzungushia kitambaa cha miwani kibichi kidogo, kichwa nje, kidole kimoja juu ya mabega bila kubana. Mkia usiguswe, anaweza kuuacha mkononi mwako akaondoka. Tone unaliacha kwenye kona ya jicho, halafu unasubiri apepese mwenyewe. Atalamba. Aache alambe, lakini usimrudishe tankini papo hapo.

Kumlisha ilikuwa kazi ya kijana, na aliifanya kuliko nilivyotarajia. Funza wa unga aliwalisha karoti na sukumawiki siku moja kabla, ili kile walichokula kifike kwa Kashata. Kisha anamkata mmoja, anampaka Kashata utomvu wake mdomoni. Kashata analamba, anaonja, anafungua kinywa. Siku za kwanza mmoja, wawili. Mimi nilikuwa nageuza uso, kwa kweli. Uzito ulipanda taratibu mpaka ukapita ule wa 14, na daftari likapigwa mstari mwekundu chini yake.

Jicho limefunguka. Limebaki na kiwingu kidogo upande wa chini, na daktari anasema huenda kisiondoke chote. Upande wa kushoto bado hupiga umbali vibaya, kwa hiyo nyenje anawekewa kulia. Kila akijivua, kijana huchukua tochi na kukagua pembe za macho na ncha za vidole, kwa sababu huko nako ngozi hubaki ikabana mpaka kidole kikafa.

Mama sasa ananiuliza hali ya mgonjwa kabla ya kuniuliza mimi. Na mwenye mgonjwa ameanza habari mpya, eti Kashata anahitaji mwenzake. Hahitaji. Geko chui wawili tanki moja, hasa wadogo, huumana mikia na mmoja humnyima mwenzake chakula. Tanki la pili litakaa wapi, na nani atalipia umeme wake, hayo amekwenda kuyajibu kwa maandishi.