Nilivyoipandisha prosesa ya Q6600 hadi gigahezi 3.0 kwa kipande cha solotepu

Kwa muda wa miezi mitatu niliambiwa na watu wanne tofauti kwamba kompyuta yangu haiwezi kuongezwa kasi, na wote wanne walikosea. Naandika haya kwa sababu wapo vijana wengi wanaohariri video za harusi na sendofu kwa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini, nao huambiwa kila siku kwamba dawa pekee ni kununua mashine mpya, ilhali fedha ya kuinunua haipo.

Mashine yangu niliipata Kariakoo. Ni ya ofisi, ina chipseti (chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel Q35 na ramu za DDR2, na ilikuja na prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ya viini viwili ambayo baadaye niliibadilisha kwa Core 2 Quad Q6600 iliyotumika, kwa shilingi elfu ishirini na kitu. Q6600 ilitoka mwaka 2007, ina viini vinne, na hukimbia kwa gigahezi 2.4. Kwa hesabu za ofisi inatosha na kubaki, lakini video ya sendofu ya dakika kumi ilikuwa ikinichukua karibu dakika hamsini kuitoa ikiwa faili kamili, na mteja anayesubiri kwenye benchi hafahamu habari za prosesa.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu. Mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, huipa prosesa mapigo ya msingi ya megahezi 266, nayo prosesa huyazidisha mara 9, ndipo inapatikana ile 2.4. Kizidishi hicho kimefungwa kiwandani na hakipandi, kwa hiyo kinachobaki kupandishwa ni mapigo ya msingi, na yakifika 333 unapata gigahezi 3.0 kamili. Kilichonipa moyo ni kwamba mwaka huohuo wa 2007 Intel wenyewe waliuza prosesa ya QX6850 yenye viini vinne, teknolojia ileile ya nanomita 65, na hesabu ileile ya 333 mara 9, kwa bei rasmi ya dola 999. Sikuwa naota kitu ambacho jamii ile ya prosesa haikiwezi.

Tatizo lilikuwa bayosi, ile programu ya ndani ya mazabodi yenye mipangilio yake. Mazabodi za wachezaji wa gemu huwa na ukurasa mzima wa kupandisha mapigo na volteji, ila ya kwangu iliundwa kwa ajili ya makarani, na humo ndani hakuna hata mstari mmoja wa namna hiyo. Nilimwendea fundi mmoja mtu mzima, nikamwamkia na kumweleza shida yangu, naye hakuinua hata macho. Akaniambia, “Mdogo wangu, ubao huo umefungwa. Tafuta laki nne nikupe mashine ya maana.” Nilimshukuru nikaondoka, lakini neno lile “umefungwa” liliniudhi, kwa sababu hakusema umefungwa na nini.

Nilianza na programu iitwayo SetFSB, ambayo hujaribu kubadilisha mapigo ukiwa ndani ya Windows kwa kuzungumza na ile chipu ndogo inayoyazalisha. Sharti lake ni kuijua chipu hiyo kwa jina kamili. Mimi nilikisia, skrini ikaganda palepale, na mradi mmoja wa kipaimara uliokuwa wazi ukapotea. Nawaomba msikisie.

Mtu mwingine aliniambia nianze na ubaridi, na hapo alikuwa na haki, ila akaniambia pasta ya kupitisha joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto chake, ni kupoteza hela, nipake dawa ya meno. Nilipaka. Siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri kiasi cha kunifanya niwasimulie wengine, na naomba radhi kwa wote niliowasimulia. Siku ya tisa joto lilikuwa limepanda nyuzi kumi na tano zaidi ya siku ya kwanza, na nilipong'oa kipoza joto nilikuta ile dawa imekauka na kupasukapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, huku katikati, mahali penye joto kali zaidi, pakiwa hapana kitu kabisa. Dawa ya meno ina maji, na maji yakishakwenda unabaki na unga mkavu usiopitisha joto vizuri. Bomba dogo la pasta ya kweli lilikuwa likiuzwa elfu tano hivi, na linatosha mara nne au tano. Nilisafisha kwa spiriti, nikaweka tone la ukubwa wa punje ya mchele, mambo yakatulia.

Jibu la ubao kufungwa nililipata katika waraka wa kitaalamu wa Intel wenyewe, ambao ni wa bure na ambao hakuna kati ya washauri wangu aliyewahi kuufungua. Chini ya prosesa hii kuna vidoti 775 vya dhahabu vinavyogusana na pini za soketi, yaani kiota cha prosesa kwenye ubao. Vitatu kati yake, vinavyoitwa BSEL0, BSEL1 na BSEL2, kazi yake ni kuuambia ubao prosesa hii inahitaji mapigo gani. Vyote vitatu vikiwa chini kiumeme, yaani volteji yake ikiwa ndogo, ubao unaelewa 266. BSEL2 kikiwa juu na wenzake wakiwa chini, ubao unaelewa 333. Kwenye Q6600 kidoti hicho kimeshikwa chini na prosesa, kwa hiyo ukikizuia kisigusane na pini, ubao wenyewe hukivuta juu na kuamini kwamba umewekewa prosesa ya 333. Huhitaji ruhusa ya bayosi kwa sababu bayosi haiulizwi. Na kwa kuwa Q35 iliundwa kuyapokea mapigo ya 333, ramu na vifaa vingine vinaendelea na viwango vyao vya kawaida.

Kidoti chenyewe kiko safu ya G, nafasi ya 30. Hapa kuna mtego uliokaribia kunigharimu: mchoro wa waraka unaonesha prosesa kama inavyotazamwa kutoka juu, na vidoti viko chini, kwa hiyo ukiigeuza mkononi, kulia kunakuwa kushoto. Nilihesabu mara tatu kwa ncha ya sindano, nikianzia kwenye ile kona yenye pembetatu ya dhahabu.

Jirani yangu anayetengeneza simu alishauri nipake rangi ya kucha isiyo na rangi, ikauke iwe kizuizi. Wazo lilikuwa zuri kulisikia. Nilichovya ncha ya kijiti cha meno, nikagusa kidoti, nikasubiri saa nzima. Kompyuta iliwaka bila shida, ikasoma 2.4 ileile. Nilipoitoa prosesa na kuiweka chini ya lenzi nikaona mkwaruzo mwembamba juu ya rangi, umepita hadi kwenye dhahabu. Pini za soketi hizi ni springi zilizopinda, na unapofunga wenzo pini haishuki wima bali huteleza kidogo juu ya kidoti huku ikikisugua, kwa hiyo utando mwembamba kiasi kile hauna nafasi.

Ndipo nikachukua solotepu nyeusi ya mafundi umeme. Niliibandika juu ya kioo, nikakata kwa wembe mpya mraba usiozidi milimita moja, nikaunyanyua kwa ncha ya sindano na kuuweka. Mara ya kwanza kipande kilikuwa kikubwa mno. Feni zilizunguka kwa kasi yote, skrini ikabaki nyeusi, na kwa dakika kadhaa niliamini nimeua kila kitu. Nilipofungua nikakuta kipande kimefunika pia kidoti cha jirani, H30, ambacho ni BSEL1. Nilikuwa nimeupa ubao amri isiyokuwamo katika orodha yake, na ubao ukakataa kuwaka, jambo ambalo ni la busara kabisa kwa upande wake. Nilikata kingine kidogo zaidi, nikakikandamiza kwa ncha ya kijiti mpaka kikalala sawasawa, nikaishusha prosesa wima bila kuitelezesha. Pini za soketi zikipinda ndio mwisho wa mazabodi, kwa hiyo wakati huo hata feni ya chumbani niliizima.

Iliwaka. Nikafungua CPU-Z, programu inayoonesha kasi ya prosesa, nikasoma gigahezi 2.0, nikanyong'onyea, maana ilikuwa chini ya nilipoanzia! Karibu niing'oe tena kabla sijakumbuka kwamba prosesa hii ikiwa haina kazi hujishusha kizidishi kutoka 9 hadi 6 ili kuokoa umeme. Sita mara 266 ni 1.6, na sita mara 333 ni 2.0. Nilianzisha kazi ya kutoa video, namba ikaruka hadi 3.0, nami nikaruka pamoja nayo.

Hata hivyo kuwaka si kutengemaa. Nilianzisha Prime95, programu inayotafuta namba tasa kubwa na ambayo hesabu zake huibana prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida, na baada ya dakika ishirini kiini kimoja kikatoa kosa, joto likiwa nyuzi 84. Volteji sikuwa na namna ya kuiongeza, kwa sababu ubao wangu hufuata ile ambayo prosesa yenyewe imeandikiwa kiwandani, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kupunguza joto. Mashine za aina hii huja na mfuniko wa plastiki unaoongoza upepo kutoka feni ya mbele hadi kwenye kipoza joto, na wa kwangu aliyeniuzia alikwisha kuutupa. Nilitengeneza mwingine kwa boksi la viatu, nikaukunja na kuubana kwa solotepu ileile, bila kuacha upenyo wa upepo kukwepa pembeni, na nyuma nikaongeza feni niliyoing'oa kwenye pawasapla iliyokufa. Joto lilishuka hadi 73 katika chumba cha Mbagala, mwezi wa pili, dirisha wazi. Prime95 ilikwenda usiku kucha bila kosa hata moja. Anayenunua Q6600 aangalie maandishi ya juu yake: yenye SLACR ni toleo la G0 la wati 95, nayo ni afadhali kuliko SL9UM ya wati 105.

Video ya dakika kumi sasa inachukua dakika arobaini na moja. Gharama yote, ukiacha prosesa, haikufika elfu kumi.

Mwezi uliopita, baada ya mwaka mzima na zaidi, niliifungua ili nibadilishe pasta. Kipande cha solotepu kilikuwa palepale, gundi imetoka kidogo pembeni kwa joto, na katikati yake pini ilikuwa imeacha kijishimo kama cha sindano, lakini haikupenya. Nikapaka pasta mpya, nikafunga.