Namna nilivyoliokoa tumbawe langu kwa maji ya dawa

Jioni moja ya Machi nilirudi kazini nikakuta kichwa kimoja cha tumbawe ninalolifuga kwenye tangi la maji ya chumvi kimekunja minyiri yote, ile mikono laini ya kukamatia chakula. Vichwa vinne vya jirani vilikuwa vimechanua, vinayumba na mkondo wa pampu kama kawaida. Kile cha tano kilikuwa kimenywea ndani ya kikombe chake cha chokaa, na ukingoni palikuwa na ute wa kahawia, mzito kama uji wa ulezi. Sikuhitaji kuuliza mtu. Mwaka uliotangulia ute huohuo uliniulia tumbawe jingine kwa siku mbili.

Naishi Columbus, Ohio, mbali kabisa na bahari, lakini nimezaliwa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Baba yangu ni mvuvi. Nilikuwa mtoto mwaka 1998 joto la bahari lilipoyafanya matumbawe ya kwetu yawe meupe na mengi yakafa, na nakumbuka wazee walivyokuwa wakirudi pwani wakiwa kimya. Tangi la lita 300 lililoko sebuleni kwangu nalitunza kwa moyo huo. Sitaki kuona tumbawe likifa mbele yangu na mimi nimekaa tu.

Tumbawe lenyewe ni Euphyllia glabrescens. Wafugaji wa huku huliita mwenge kwa sababu ya minyiri yake mirefu yenye ncha zinazong'aa. Mengi yanayouzwa Marekani hutoka Indonesia na Australia, na bei yake si ya mchezo.

Lile la kwanza nililipoteza hivi. Nilipoona ute nilidhani ni uchafu wa chakula, nikaupulizia maji kwa bomba dogo ndani ya tangi lilelile ili utoke. Ukatoka, ukasambaa. Kumbe ndani ya ute ule mnajaa viumbe vya seli moja vinavyoogelea kwa vinyweleo na kula nyama iliyodhoofika. Rangi ya kahawia hutoka kwenye mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ambao viumbe hao huumeza pamoja na nyama. Bakteria nao wamo katika karamu hiyo. Kesho yake nikalichovya tumbawe kwenye ayodini kwa dakika 15, nikalirudisha. Siku ya pili palibaki mifupa mitupu.

Kwa hiyo safari hii sikugusa kitu mpaka nimezima pampu zote. Nilichukua mpira mwembamba, nikaufyonza ute taratibu na kuuelekeza kwenye ndoo pembeni, usiguse maji ya tangi. Kisha nikalitoa tumbawe zima. Uzuri wa aina hii ni kwamba kila kichwa kina shina lake, hakiungani na mwenzake kwa nyama, hivyo unaweza kukata. Nilivaa glavu na miwani (minyiri yake huwasha, na vumbi la maji ya tumbawe halifai kabisa kuingia machoni), nikakata shina la kichwa kilichooza kwa msumeno mdogo. Harufu yake sitaisahau. Nilipompigia baba usiku ule, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Linanuka?" Nikamwambia linanuka. Akasema, "Basi limeshaoza, mwanangu. Angalia hayo mengine."

Hayo mengine ndiyo yaliyoninyima usingizi. Kichwa cha pili kilikuwa kimeanza kuachia nyama ukingoni, upana wa ukucha.

Habari ya kutibu matumbawe kwa antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, nilikuwa naifahamu kutokana na Florida. Mwaka 2014, karibu na Miami, ulionekana ugonjwa unaobandua nyama ya matumbawe, ukaenea kwenye mwamba wote wa Florida na kuvuka hadi visiwa vya Karibi. Wapiga mbizi wa huko hupaka amoksisilini iliyochanganywa na ute maalumu, wakiibandika kwa mikono palipo na kidonda, tumbawe kwa tumbawe, chini ya maji. Nilipoona picha zao kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Wafugaji wa matangi wao hupendelea siprofloksasini, antibiotiki nyingine, na hulichovya tumbawe ndani ya maji ya dawa badala ya kulipaka.

Kwetu ukiingia duka la dawa unaweza kutoka na vidonge hivyo bila mtu kukuuliza neno. Huku sharti uwe na cheti cha daktari, nami naona ni sawa, kwa sababu ni dawa ya binadamu na bakteria wakishaizoea ni hasara ya wote. Nilimpata daktari wa mifugo anayetibu samaki, nikaliweka tumbawe kwenye ndoo yenye kifuniko, nikaendesha gari asubuhi na mapema. Alilitazama kwa kioo cha kukuza, akaniambia waziwazi kwamba dawa ile haikuidhinishwa kwa matumbawe, kwamba tunajaribu, na kwamba isiingie kwenye tangi kubwa hata tone. Bakteria wanaosafisha maji ya tangi wakifa, samaki wote watafuata.

Alinieleza jambo lililonifungua macho. Siprofloksasini hushikamana na kalisi na magnesi. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asiimeze pamoja na maziwa. Sasa lita moja ya maji ya bahari ina miligramu kama 400 za kalisi na zaidi ya 1,200 za magnesi. Sehemu kubwa ya dawa hufungwa kabla haijafanya kazi, na hapo nikaelewa kwa nini kipimo cha maji ya chumvi ni kikubwa. Mwanga nao huivunja. Kwa hiyo ni giza, na maji mapya kila siku.

Nilitumia ndoo ya lita 20, nikatia lita 15 za maji ya chumvi niliyochanganya upya, hita ya nyuzi 25 na jiwe la hewa la kutoa mapovu. Kipimo alichoandika daktari kilikuwa kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa lita hizo 15. Nilikisaga mpaka kikawa unga laini, nikakoroga kwenye maji safi yasiyo na chumvi, nikachuja kwa karatasi ya kahawa ili wanga na ganda visibaki, ndipo nikamimina. Tumbawe nikaliegemeza kwenye kipande cha bomba la plastiki, lisiguse chini. Ndoo nikaifunika blanketi.

Siku tano. Kila jioni nilibadilisha maji yote, nikaosha ndoo, nikaweka dawa mpya. Kila mara nilikagua kingo kwa tochi, haraka haraka, nikafyonza chochote kilicholegea. Siku ya kwanza ute ulirudi kidogo, nikakata tamaa nusu. Siku ya pili ukarudi mdogo zaidi. Siku ya tatu nilimulika, nikamulika tena, sikuuona. Nyama ya kichwa cha pili ilikuwa imesimama palepale ilipokuwa jana yake. Nilimwita mke wangu aje athibitishe, kwa sababu macho yangu mwenyewe sikuyaamini.

Maji yaliyotumika sikuyamwaga hovyo. Yalikaa na mkaa wa kuchujia na hewa juani kwenye kibaraza, kisha nikayatia dawa ya klorini kabla ya kuyamwaga chooni, kama nilivyoelekezwa. Vidonge vilivyobaki nilivirudisha kwenye duka la dawa.

Lakini tumbawe halikuchanua. Wiki mbili limekaa kwenye tangi dogo la peke yake, halina ute, haliozi, na bado limejikunja. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza liliugua kwa nini. Joto lilikuwa sawa, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) sawa. Nikaazima kwa rafiki chupa ya maji ya kipimo yenye chumvi ya 35 kamili, yaani sehemu 35 katika kila 1,000, nikatia tone moja kwenye rifraktomita yangu, chombo cha kupimia chumvi. Ikasoma 31. Miezi yote ile nilikuwa naisawazisha kwa maji yasiyo na chumvi, nikiamini inatosha, na matumbawe yangu yakaishi kwenye chumvi ya karibu 39 huku mimi naandika 35 kwenye daftari. Hata maji ya ndoo ya dawa niliyapima kwa chombo hichohicho.

Dawa ilikuwa imemzuia adui mlangoni, ila aliyeuacha mlango wazi nilikuwa mimi. Iliniuma sana, hasa nilipolikumbuka lile la mwaka uliotangulia. Nilishusha chumvi kwa siku 10, lita chache za maji yasiyo na chumvi kila siku, polepole, maana kuishusha ghafla kungeliua lililopona. Siku ya 12 minyiri ilichungulia asubuhi. Kufikia mwisho wa mwezi vichwa vyote vinne vilikuwa wazi, nami nikaanza kuvilisha uduvi waliogandishwa, mmoja mmoja kwa koleo, mara mbili kwa wiki. Uduvi uleule ambao mama huukaanga na nazi.

Siku hizi tumbawe lolote jipya hukaa wiki sita kwenye tangi la pembeni kabla halijaingia kwa wenzake, na chupa ya maji ya kipimo iko juu ya kabati, naitumia kila Jumamosi. Mwenge umerudi mahali pake, kushoto, chini ya pampu. Kichwa cha pili kina kovu upande mmoja, chokaa imeonekana, mwani mwekundu umeotea hapo.

Juzi nilimpigia baba kwa video nikamwelekezea simu kwenye kioo. Alitazama kitambo. "Hicho kikubwa kina midomo miwili," akasema. Nikasogea karibu. Kweli, kichwa cha katikati kimeanza kujigawa.