Kihenge kimejaa, mtoto anakonda

Mwanangu alipofikisha miezi 9, mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulianza kushuka. Na nyumbani kwetu Kilolo, mkoani Iringa, hatukuwa na njaa. Mahindi yapo, maharage yapo, njegere na viazi shambani, kuku wangu 6 wanataga. Ndiyo maana nilipoziona mbavu zake, aibu ilinishika kabla ya hofu.

Jirani mmoja alishasema bombani, wala hakushusha sauti: "Huyo amebemendwa." Asiyelijua neno hilo ana bahati. Maana yake wewe au mwenzio mmevunja mwiko wa chumbani, na mtoto ndiye anayelipa. Ukishasemwa hivyo, unambebaje mtoto ukampime mbele ya watu? Niliacha kliniki miezi 2, nikawa namfunika kanga hadi puani.

Kuhara ndiko kulikonirudisha. Nesi akamzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe: sentimita 11.9, njano. Ingeshuka chini ya 11.5 ni nyekundu. Nikasubiri anisomee vyakula kwenye bango la ukutani. Akaniuliza, "Mama, mchana anashinda na nani?"

Nikasita. Palizi ilikuwa imepamba moto, natoka alfajiri narudi saa 11 jioni. Anaachiwa mama mkwe, naye ana ng'ombe wake, kwa hiyo mtoto anaishia mikononi mwa binti wa wifi yangu wa miaka 7. Uji wa sembe kwenye chupa ya chai, mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Chakula chenyewe kinaiva usiku, mtoto kashalala. Mayai nilikuwa nauza ninunue sabuni, kwani hela ya viazi inakaa kwa mume na kuomba kila wiki kunachosha. Hata mimba yake niliibeba kwa viazi na chai; mayai nilikatazwa, mtoto asije akazaliwa bila nywele. Damu yangu ilishuka hadi 9.

"Mwezi ujao njoo na baba yake," nesi akasema.

Mume wangu alikuja kwa kununa. Lakini utepe aliusoma mwenyewe, na njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Usiku akatamka: mayai yasiuzwe, sabuni ni juu yake. Sisemi amegeuka malaika, ulanzi, pombe ya mianzi, ukianza kugemwa namjua, ila sabuni hajaacha kuleta.

Niliyemwogopa hasa ni mama mkwe. Habari za kubemendwa sikubishana naye. Mpaka leo anaziamini. Nilimwambia, "Mama, nesi anataka uji mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike. Mkono wangu haujui kukadiria, naomba unisaidie." Nikamkabidhi bakuli dogo la kijani, la mtoto peke yake, kwa sababu kwenye sahani ya pamoja wakubwa walikuwa wanammalizia chakula. Karanga za kutwanga, yai, njegere zilizopondwa, mara 3 hadi 4 kwa siku. Baada ya wiki moja mama mkwe alikuwa anamfokea atakayeligusa bakuli lile.

Mimi shamba la mbali nililiacha msimu ule, niweze kurudi mchana kunyonyesha. Tulikosa magunia, na mume alilalamika. Mwezi wa kwanza mtoto aliongeza gramu 200 tu, nikalia. Mwezi wa 4 utepe ulisoma 12.7, kijani.

Baadaye kwenye mkutano wa kijiji tulisomewa utafiti wa afya wa 2022: Iringa, karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati nchi nzima ni 30. Mkoa wa mahindi! Watu waliguna. Mimi nilikuwa nawaza chupa ile ya chai.

Sasa nina mimba ya pili. Juzi mama mkwe kanipa yai la kuchemsha, uso kaugeuzia mlangoni: "Kula. Ila akizaliwa kipara, usiniulize."