Nilivyomudu "who" na "whom" kwa msaada wa sarufi ya Kiswahili

Niliwahi kuambiwa kwamba "whom" ni neno la heshima, na kwamba barua ya kiofisi isiyokuwa nalo haijakamilika. Ushauri huo uliniudhi, kwa kuwa aliyeutoa hakuwa na sababu yoyote ya kuutetea. Kijitabu nilichonunua kwa shilingi elfu chache kilikuja na kanuni nyingine: kikifuata kitenzi, andika "who", likifuata jina au kiwakilishi, andika "whom". Kanuni hiyo hupatia mara nyingi, na ndiyo maana watu huiamini hata pale inapowapoteza.

Njia yangu niliipata katika kazi ya kutafsiri maelezo ya mashahidi. Tazama "karani aliyeniona" na "karani niliyemwona". Kirejeshi "-ye-" ni kile kile pande zote mbili, kwa hiyo hakitusaidii. La kutazama ni mahali karani alipokaa ndani ya kitenzi. Katika "aliyeniona" yeye ndiye "a-" ya mwanzo, yaani kiima, na Kiingereza husema "the clerk who saw me". Katika "niliyemwona" amekuwa "-m-", yaani yambwa, na hapo ndipo pa "the clerk whom I saw". Kwa wingi, "-m-" huwa "-wa-", kama katika "makarani niliowaona", lakini kazi haibadiliki.

Kisha nikaijaribu njia hiyo kwenye sentensi inayowashinda wengi: karani, polisi, na fedha zilizoibwa. Kijitabu kingeandika "the clerk whom the police say stole the money", kwa sababu tu "the police" imefuata. Mimi niliiandika kwa "amba-", ambayo katika sentensi ndefu huonyesha mambo waziwazi zaidi: "karani ambaye polisi wanasema aliiba fedha". Itafute "-m-" humo, haipo. "Wanasema" ni ya polisi, na karani yumo katika "a-" ya "aliiba", kwa hiyo ni "who", bila shaka yoyote. Lakini ukisema "karani ambaye polisi walimkamata", "-m-" imeingia, nawe unaandika "whom the police arrested". Nilifurahi mno, na tangu hapo kila mwenzangu wa kazini anayeniuliza humwandikia sentensi hizo mbili, moja chini ya nyingine.

Katika mazungumzo Waingereza wenyewe husema "who" kote, au huliacha neno lote na kusema "the clerk I saw", nami nikizungumza huwafuata. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, kihusishi kikitangulia sikubali kitu kingine: "karani niliyezungumza naye" ni "the clerk with whom I spoke".