Mwiba wa mgunga na simu ya shemeji

Mimi nina chongo tangu sijatimiza miaka mitatu. Kwetu Mpwapwa niliambiwa ni mwiba wa mgunga, nikakua nao mwiba huo zaidi ya miaka thelathini. Hata mke wangu nilimposa nao. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Binti yetu alipofika miezi saba, jioni jicho lake la kushoto lilikuwa linang'aa kama la paka. Zahanati wakatupa mafuta ya macho. Nikapaka wiki mbili nzima. Shangazi yake akaleta unga wa mizizi, huo nikaumwaga chooni. Msipake mtoto kitu msichokijua, jamani.

Nikaamua kupiga picha. Simu yangu mpya, ya laki tatu na ushee, ina ujanja wa kufuta wekundu wa macho, kwa hiyo picha zilitoka safi kama za pasipoti. Nikaazima ya shemeji, kuukuu, imepasuka kioo. Nikazima taa, nikasubiri mboni zifunguke, shemeji akatikisa kopo la karanga juu ya kichwa changu, fyatu! Ya kumi na kitu ndiyo ikanasa: jicho moja jekundu kama kawaida ya flashi, jingine jeupe kama ganda la yai. Daktari wa macho hapa Dodoma alivyoiona tu, akashika kalamu kuandika rufaa ya Muhimbili.

Kule daktari alimpima mtoto, kisha akanigeukia mimi. "Baba, jicho lako lilitolewa kwa nini?" Mwiba. Akacheka kidogo, akasema nimpigie mama. Mama akanyamaza, halafu: "Walisema kuna kitu kinaota ndani. Tulikuonea huruma, mwanangu."

Kumbe ni retinoblastoma, saratani ya jicho, na mimi ndiye niliyemrithisha. Jeni ya RB1, breki ya mwili ya kuzuia uvimbe huo, huwa mbili. Ukizaliwa na moja mbovu, ya pili ikiharibika ndani ya jicho, uvimbe unaota. Kila mtoto wangu ni kurusha shilingi. Binti alikuwa na uvimbe macho yote mawili. La kushoto lilitolewa, la kulia likaokolewa kwa dawa na leza.

Wa pili hatukusubiri paka. Hajafikisha hata mwezi, tukapanda naye SGR, akapimwa kwa nusu kaputi. Ndugu wakanisema: mtoto mzima unamtafutia nini hospitali? Safari ya tatu kikaonekana kidoa, kikachomwa kwa leza. Sasa ana miaka miwili, na sukari nikiificha juu ya kabati anaiona.