“Imeelezwa” na nani?

Natafsiri habari za mashirika ya kimataifa kwa ajili ya redio, zamu ya usiku. Vita nzima hupewa sekunde arobaini, na ni katika kubanabana huko nilikoona jinsi propaganda inavyopita bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Nilipokuwa mgeni kazini nilipokea habari kwamba jeshi fulani limeteketeza ghala la silaha, “kwa mujibu wa msemaji wa jeshi hilo”. Sekunde hazikutosha, nikayafuta maneno hayo ya mwisho. Msomaji akasoma: “Ghala la silaha limeteketezwa.” Siku ya tatu zikaja picha za magunia ya unga yaliyoungua. Hakuna msikilizaji aliyelalamika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walituamini.

Tangu hapo nimeisoma sana habari ya mabomba ya alumini. Jumapili ya tarehe 8 Septemba 2002, gazeti la New York Times liliandika kwamba Iraki inatafuta mabomba maalumu ya kurutubishia urani, hatua ya kutengeneza silaha za nyuklia, likiwategemea maofisa wa serikali ya Marekani ambao hawakutajwa majina. Asubuhi hiyohiyo makamu wa rais, Dick Cheney, akaketi kwenye runinga na kulitaja gazeti hilo kama ushahidi. Serikali ilinong’ona, gazeti likapaza sauti, kisha serikali ikageuka kusema: mnaona, hata gazeti limeandika! Mtazamaji alidhani amesikia mashahidi wawili. Alikuwa mmoja.

Kumbe ndani ya serikali yenyewe walikuwamo wataalamu wa nyuklia waliosema mabomba yale hayafai kwa kazi hiyo. Jonathan Landay na Warren Strobel, waandishi wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya Marekani, waliwafuata wachambuzi na maofisa wa ngazi za chini badala ya kusubiri mawaziri, wakaandika kuhusu mashaka hayo kabla Marekani haijaivamia Iraki mwaka 2003. Wachache waliwasikiliza. New York Times walikuja kukiri kasoro za habari zao tarehe 26 Mei 2004, zaidi ya mwaka mmoja baada ya uvamizi.

Ndiyo maana siku hizi nagombana na kauli za kutendwa na kutendeka. Kiswahili chetu cha habari kinazipenda mno: imeelezwa, imebainika, inasemekana. Mtendaji anatoweka, madai yanabaki yamesimama peke yake kama ukweli. Halafu kuna “duru za kuaminika”. Zinaaminiwa na nani? Na “amethibitisha” anapewa msemaji ambaye hakuthibitisha chochote, amesema tu. Upande tunaoupenda “unathibitisha”, ule mwingine “unadai”. Msikilizaji ameshachaguliwa adui kabla hajafikiri.

Juzi saa nane usiku ilikuja habari ya wapiganaji sitini waliouawa. Nikamuuliza mhariri wa zamu nani amewahesabu. “Kaka, tuna dakika tatu,” akanijibu. Nikakata jina la operesheni, ambalo jeshi lenyewe ndilo lililolibuni, na nafasi hiyo nikaandika: “Jeshi linadai limewaua watu sitini, ambao linasema ni wapiganaji. Hatujaweza kuthibitisha idadi hiyo wala watu hao ni akina nani.”

Mhariri aliisoma mara mbili, akatia saini. Ilizidi sekunde nne, tukazitoa kwenye michezo.