Utitiri nilioufukuza kabla ya kuuona

Kilichonishtua kwanza ni kishindo. Usiku kucha farasi wangu jike alikuwa akipiga mguu wa nyuma sakafuni, na nikifika asubuhi namkuta amejisugua kwenye ukingo wa hori mpaka ngozi imechubuka. Ni wa jamii ile nzito, ambayo miguu yake imefunikwa nywele ndefu hadi kwenye kwato. Nywele hizo ni fahari yake. Ndizo pia zilizonificha mambo kwa miezi 2.

Nilipozipekua nikakuta vigaga na unyevunyevu. Uwanja ulikuwa na matope, basi nikajipa jibu: ngozi imeoza kwa tope na bakteria. Kila jioni nikawa naosha kwa dawa ya kuua vijidudu, nakausha kwa taulo, napaka marhamu. Vigaga vikapungua, kisha vikarudi. Kishindo hakikupungua hata usiku mmoja. Ningekuwa makini ningemsikiliza mwenyewe, maana mguu wenye vidonda vya tope huuma, na farasi huuvuta ukiugusa. Wangu alikuwa akiniegemea, anarefusha mdomo wa juu na kuupindapinda kwa raha nikimkuna. Huyo alikuwa anawashwa.

Baadaye nikampa ivermektini ya kulisha mdomoni, ileile ya minyoo. Akatulia siku chache, nami nikatangaza ushindi. Wiki ya pili tukawa palepale.

Daktari wa mifugo alipokuja alikwangua ngozi, akatazama kwa hadubini, hakuona kitu. Akaniuliza, “Mara ya mwisho umeosha lini?” Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni jana jioni, tena vizuri. Akacheka. “Ndugu yangu, umewaosha mashahidi wote.” Akaniagiza nisioshe wala nisipake chochote kwa wiki 2, ndipo arudi. Ziliniwia ndefu kuliko miezi 2 ya mwanzo, kwa sababu ni vigumu kumtazama mnyama akijikuna ukiwa umekunja mikono.

Siku ileile ya kwanza, hata hivyo, alinifundisha kutenganisha magonjwa. Alitafuta chawa kwa tochi, akichambua singa za shingo na shina la mkia, kwa kuwa chawa na mayai yao yaliyogandamana na unywele huonekana kwa macho. Hakukuwa na hata mmoja. Mkia haukuwa umesuguliwa, kwa hiyo hakushughulika na minyoo ya mkunduni, ambayo mayai yake hunaswa kwa selotepu. Aling’oa nywele chache zipelekwe maabara kupimwa fangasi. Kisha akaniuliza swali lililonishangaza: wewe mwenyewe unawashwa? Utitiri wa upele, ule unaochimba ndani ya ngozi, ni nadra kwa farasi, lakini humrukia binadamu, na kwa kawaida huanzia kichwani na shingoni. Mimi sikuwashwa, na shingo ya farasi ilikuwa safi.

Aliporudi alibadili mbinu. Utitiri aliokuwa akiushuku hukaa juu ya ngozi ukila magamba yake, haujichimbii. Kwa hiyo hakukwangua mpaka damu. Alitia mafuta kwenye wembe uliokwisha makali, akakwangua juujuu lakini eneo pana, miguu yote minne, hata ile iliyoonekana mizima. Halafu akachana mba zikaangukia kwenye kisahani, akafunika haraka. Nilidhani ni mbwembwe, mpaka akanipa lenzi. Baadhi ya mba zilikuwa zinatembea, tena zinakimbia.

Kwenye hadubini nilimwona mmoja vizuri: mwili wa mviringo, miguu mirefu, na mwisho wa mguu kijikombe cha kunatia kilichokaa juu ya kikonyo kifupi. Kwa kikonyo hicho humtambua Chorioptes, ndilo jina la utitiri huu wa juu ya ngozi, na kumtofautisha na binamu zake. Hapo pia nikaelewa kwa nini dawa ya mdomoni haikufua dafu. Dawa hiyo husafiri kwa damu, na mdudu huyu hali damu.

Tulizinyoa zile nywele. Sitajifanya shujaa, iliniuma. Lakini bila kunyoa, dawa haifiki kwenye ngozi. Nikamwosha kwa shampuu ya seleniamu salfaidi mara 3, kila baada ya siku 5, nikiiacha ikae kabla ya kusuuza. Mwenzake wa banda la pili hakuwa na dalili yoyote, ila naye alitibiwa, kwa sababu farasi anaweza kuubeba utitiri huu kimyakimya. Maranda yote yakatolewa na brashi zikatiwa dawa, kwani wadudu hao huweza kuishi wiki kadhaa nje ya mnyama. Mzunguko wao toka yai hadi mdudu mpevu ni kama wiki 3, basi daktari alirudi kukwangua tena baada ya muda huo kupita, akakuta magamba matupu.

Nywele sasa zimerudi nusu. Kila mwezi, kabla sijamwosha, nachana mba juu ya karatasi nyeusi na kuikodolea macho kwa dakika kadhaa. Za mwezi huu zimetulia.